Kodi ya Miezi Sita na Ugomvi Unaoanzia Hapo

Ugomvi mwingi wa mpangaji na mwenye nyumba jijini Dar es Salaam huanza siku ambayo wote wawili wana furaha. Ni siku ya kukabidhiana funguo. Mpangaji amehesabu noti za miezi sita, mwenye nyumba amezihesabu upya, dalali amechukua chake akaondoka. Tangu saa hiyo fedha yote iko upande mmoja, na kila kitakachoharibika kwa miezi sita ijayo kiko upande wa pili.

Ukiwauliza watu kwa nini wapangaji na wenye nyumba hawapatani, utatajiwa tabia: wenye nyumba wana tamaa, wapangaji hawana shukrani, madalali waongo. Watu wa namna hiyo wapo, na kila aliyewahi kupanga ana kisa chake. Lakini tabia haielezi kwa nini ugomvi wa Buguruni unafanana na ugomvi wa Kimara neno kwa neno, kati ya watu wasiojuana kabisa. Ninavyoona mimi, namna tunavyolipa kodi ndiyo inayozaa sehemu kubwa ya magomvi haya. Na tangu 2005 tumewaacha watu hawa wawili wamalizane wenyewe, bila sheria mahususi ya nyumba za kupanga na, tangu 2021, bila baraza la karibu lenye nguvu ya kuamua.

Tuanze na hesabu. Chukua chumba na sebule pembezoni mwa jiji, tuseme Mbagala au Chanika, kodi shilingi 80,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 480,000. Dalali anadai kodi ya mwezi mmoja, yaani 80,000 nyingine, na mara nyingi ameshachukua hela ya kukuonyesha nyumba kabla ya hapo, upapende usipapende. Jumla ni 560,000, na bado hujanunua hata godoro. Mei Mosi ya 2025 Serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Basi hata mtumishi huyo, mwenye ajira ya uhakika, akitoa mshahara wake wote wa mwezi bila kula wala kupanda daladala, haingii kwenye chumba hicho. Muuza matunda, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, hao wanaingiaje? Wanakopa. Wanakopa kwenye kikoba, kwa ndugu, kwa mwajiri, na wakikwama wanaangukia kwenye mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mpangaji anakopa kwa riba ili amkopeshe mwenye nyumba bila riba. Maana kodi ya Juni inayolipwa Januari ni mkopo, hata kama hakuna anayeuita hivyo. Mpangaji ndiye benki ya mwenye nyumba, ila ni benki isiyo na dhamana, isiyo na mkataba wa marejesho, na inayoweza kuambiwa itoke nje na virago vyake.

Mwenye nyumba naye tumsikilize, kwa sababu mara nyingi si tajiri kama anavyofikiriwa. Sehemu kubwa ya nyumba za kupanga jijini zimejengwa na watu binafsi, kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati likipatikana. Kuna mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo. Kuna mjane anayeishi chumba cha mbele na kupangisha vinne vinavyotazamana kwenye korido. Mikopo ya nyumba ya benki ina riba inayozidi asilimia 10 kwa mwaka na inadai hati, wakati viwanja vingi vya jiji havijapimwa. Kwa hiyo fedha ya mkupuo wa miezi sita ndiyo mtaji pekee mkubwa anaoushika. Inaingia Januari na kutoka Januari: ada ya shule, madeni, mifuko ya saruji kwa ajili ya chumba cha uani. Na ana hofu yake pia. Anayelipa mwezi kwa mwezi anaweza kulipa miwili na kusimama wa tatu, na kumtoa kwa njia ya halali ni safari ndefu. Kuchukua chote mapema ni kinga yake dhidi ya baraza asiloliamini.

Kila upande una sababu ya kweli, ndiyo maana mahubiri ya uaminifu hayajasaidia. Tazama kinachofuata mvua za masika zikianza.

Mpangaji anapiga simu. "Shikamoo mzee. Bati la chumbani linavuja, maji yameingia mpaka kitandani." Anajibiwa vizuri: "Marahaba mwanangu. Vumilia, Jumamosi namleta fundi." Jumamosi inapita. Mwenye nyumba hakusema uongo kwa makusudi. Hela ya kumlipa fundi imeshakuwa saruji. Mpangaji anaweka beseni chini ya tundu, anahamisha kitanda, na wiki ya tatu anamwita fundi wake mwenyewe, bati mbili na misumari. Anatunza risiti kwa ajili ya kukata kwenye kodi. Akate kwenye kodi ipi? Ya miezi hii ameshaitoa yote. Anasubiri zamu ijayo ya malipo, na siku hiyo mzee anamwambia: "Nani alikutuma? Mimi fundi wangu alikuwa anakuja." Kuanzia hapo hawasalimiani vizuri tena. Angekuwa analipa kila mwezi, mambo yangemalizika ndani ya siku 30: angepunguza gharama ya bati kwenye kodi ya mwezi unaofuata, au mwenye nyumba, akijua hilo linakuja, angemleta fundi Jumamosi ileile.

Kuondoka kabla ya muda kunaumiza vilevile. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi baada ya 2016, watumishi wengi walipata barua za kuhama wakiwa wamelipia miezi mingi mbele. Mwingine anafukuzwa kazi, mwingine anafiwa na mume, mwingine ndoa inavunjika. Wote wanagonga mlango uleule wakiomba salio. Mwenye nyumba, kama ni mtu wa haki, anasema akipatikana mpangaji mwingine atarudisha. Kama si mtu wa haki, anapangisha kwa mwingine wiki hiyohiyo na kupokea kodi mara mbili kwa chumba kimoja. Mkataba hausemi lolote.

Mikataba yenyewe ni jambo la kusikitisha. Ile inayouzwa steshenari, ukurasa mmoja wenye nukta za kujaza, inakwenda hivi: jina la mpangishaji, jina la mpangaji, kiasi, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Halafu inafuata orodha ya wajibu wa mpangaji. Atatunza mazingira, hatapiga muziki kwa sauti kubwa, hatamwingiza mtu mwingine bila idhini, hatabadilisha kitu ukutani, atalipa umeme na maji, atatoa taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kuhama, ataacha chumba kama alivyokikuta. Wajibu wa mwenye nyumba, kama upo, ni sentensi moja: akihitaji nyumba yake atatoa notisi. Nani anatengeneza paa, choo kikijaa nani anaita gari la kunyonya, kodi ikipanda inapanda lini na kwa kiasi gani, salio linarudishwaje, yote hayo hayamo. Chini kuna sahihi mbili, mashahidi wawili, na muhuri wa serikali ya mtaa ambao watu huupa uzito wa hukumu. Muhuri huo unathibitisha kwamba watu hawa walikubaliana. Hauwezi kujaza yale ambayo hawakuyazungumza.

Haikuwa hivi siku zote. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984 iliweka mabaraza ya nyumba ya mikoa na baraza la rufaa juu yake. Kodi ilikuwa na kiwango kinachoweza kupingwa, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpangaji bila amri ya baraza na bila sababu zinazotambuliwa na sheria. Ilikuwa sheria ya zama zake, zama ambazo Serikali yenyewe ilikuwa mwenye nyumba mkubwa. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika. Kwa miaka mingi kodi za majengo hayo ya katikati ya jiji zilikuwa ndogo kiasi kwamba hazikutosha kupaka rangi ngazi. Aliyekuwa nacho chumba Upanga hakukiachia, aliyekitafuta hakukipata, na wengine waliokipanga kwa Shirika walikipangisha tena kwa bei ya soko na kula tofauti.

Mwaka 2005 Bunge liliifuta sheria hiyo. Sikubaliani na wanaotaka irudi ilivyokuwa. Kodi iliyogandishwa na Serikali inazaa nyumba zisizotengenezwa na rushwa ya ufunguo. Lakini kufuta huko kuliondoa mambo mawili kwa mpigo, na lilipaswa kuondoka moja tu. Udhibiti wa bei uliondoka, sawa. Kinga ya mpangaji dhidi ya kutolewa kiholela, pamoja na baraza la nyumba lililojua kazi hiyo peke yake, navyo vilisombwa humohumo, na hakuna kilichowekwa mahali pake.

Atakayesema kuna Sheria ya Ardhi ya 1999 atakuwa sahihi, na inafaa watu waijue zaidi. Sheria hiyo ina sehemu nzima kuhusu upangishaji, na inaweka masharti hata pale ambapo mkataba umenyamaza. Mwenye nyumba anawajibika kumwacha mpangaji akae kwa amani bila kubughudhiwa, na kutunza paa, kuta kuu na mifereji. Nyumba ya kuishi inapaswa kuwa inakalika mpangaji anapoingia. Mpangaji anawajibika kulipa kwa wakati, kutunza, na kutopangisha kwa mwingine bila idhini. Upangaji usio na muda wa mwisho unahesabiwa kwa kipindi cha malipo, na notisi ya kuuvunja isipungue kipindi hicho. Kwa kusoma maneno hayo, anayelipa kila miezi sita bila tarehe ya mwisho kuandikwa ana hoja nzito ya kudai notisi ya miezi sita, jambo ambalo wenye nyumba wengi hawajawahi kulisikia. Na mpangaji aliyefukuzwa kinyume cha masharti anaachiliwa papo hapo wajibu wa kulipa kodi.

Tatizo ni kwamba sheria hii imeandikwa kwa ajili ya ardhi yote, shamba la mkonge na chumba cha Manzese kwa pamoja. Haigusi malipo ya mapema. Haisemi chochote kuhusu dalali. Haina jibu jepesi kwa mtu aliyerudi kutoka kazini saa moja usiku akakuta kufuli jipya juu ya kufuli lake, watoto wamekaa kibarazani na sare za shule ziko ndani.

Mtu huyo aende wapi? Kwanza ataenda kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti mwenye busara humaliza mengi kwa kuwaweka watu kitako, na napenda kusema wazi kwamba bila wenyeviti hao jiji hili lingekuwa na fujo zaidi. Ila hana mamlaka ya kuamua, na mara nyingi naye ni mwenye nyumba. Hatua inayofuata ni Baraza la Kata. Zamani baraza hilo lilikuwa na uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3, kiwango ambacho ugomvi mwingi wa pango ungeingia. Marekebisho ya 2021 yaliondoa uwezo huo. Sasa linasuluhisha tu, na suluhu ikishindikana ndani ya siku 30, mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye mwenyekiti mwanasheria na wazee wa baraza. Sababu za mabadiliko hayo zilieleweka: maamuzi ya kata yalikuwa yakitenguliwa kila mara kwa makosa ya utaratibu. Lakini mtu anayedai salio la 240,000 sasa anasubiri usuluhishi, anafungua shauri wilayani, analipa ada, anatafuta wa kumwandikia maombi, anapoteza siku za kazi kila shauri linapoahirishwa. Mwenye akili timamu anasamehe. Na mwenye nyumba anajua kwamba atasamehe.

Kufuli linageuka silaha ya upande mmoja kwa sababu hiyo, na kuhama usiku kunageuka silaha ya upande wa pili. Maana wenye nyumba nao wanaumizwa vibaya. Mpangaji amemaliza miezi yake sita, hajalipa mwezi wa saba, wa nane, kila siku ana ahadi mpya. Siku moja majirani wanaamka chumba ni kitupu, swichi zimeng'olewa, ankara ya maji imeachwa. Mwingine alikodi chumba cha kuishi akakigeuza ghala. Mwingine amekataa kutoka akijua kwamba kumtoa kihalali kutachukua muda mrefu kuliko subira ya mama wa watu ambaye pango hilo ndilo dawa yake ya presha. Ndiyo maana ninasema sheria ya wapangaji ikitungwa kwa kumtazama mpangaji peke yake, wenye nyumba wataikwepa kwa njia wanayoijua: kupandisha masharti na kuchagua watu. Hata sasa wanachagua. Kuna wasiotaka wenye watoto. Msichana anayeishi peke yake anaulizwa maswali ambayo kijana wa kiume haulizwi, na mama mwenye watoto wadogo anaweza kuzunguka mtaa mzima hela ikiwa mkononi.

Kuhusu magomvi ya ndani ya nyumba yenyewe, mengi yanatokana na mita moja ya umeme. Nyumba ya vyumba sita ina LUKU moja na watu wanachangishana. Mwenye friji anaambiwa alipe zaidi, mwenye pasi naye, anayepikia jiko la umeme anafichua siri yake kwa harufu ya wali saa ambayo mkaa haujawashwa. Umeme unakatika katikati ya usiku, na aliyetoa 10,000 juzi hataki kutoa tena kwa ajili ya aliyetoa 2,000. Mwenye nyumba akiishi humo, ndiye hakimu na ndiye mtumiaji mkubwa. Kuweka mita ndogo kwa kila chumba kumepoza mambo sehemu nyingi, ingawa kumeleta ugomvi mwingine pale mwenye nyumba anapouza uniti kwa bei ya juu kuliko ile ya TANESCO.

Kwenye mita hiyohiyo Serikali iliongeza kitu kingine. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, viwango ambavyo mwaka 2023 vilipanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa ukusanyaji ni njia nzuri, haikwepeki. Ila kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo, na anayenunua umeme ni mpangaji. Kiasi ni kidogo, na kwa udogo huo hakuna anayekwenda kudai. Mjadala mwingine ulizuka 2022 kuhusu kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, ambayo mpangaji anatakiwa aikate kwenye kodi ya nyumba na kuipeleka TRA. Ofisi kubwa zinafanya hivyo bila shida. Lakini mwambie mpangaji wa chumba Tandale amkate mzee wake asilimia 10, na jibu utakalolipata ni kwamba chumba kina watu wengine wanaokihitaji. Wajibu wa kisheria umewekwa mikononi mwa mtu asiye na uwezo wa kuutekeleza.

Kuna chanzo kimoja cha migogoro ambacho hakizungumzwi vya kutosha, nacho ni mirathi. Mzee akifariki, nyumba yenye wapangaji wanane inakuwa na warithi watano, na kila mmoja anaona pango ni lake. Kaka mkubwa anakuja tarehe mosi kuchukua kodi. Baada ya siku nne anafika dada na barua, akisema kaka hana mamlaka. Wa tatu anataka nyumba iuzwe na wapangaji watoke. Mpangaji aliyelipa miezi sita kwa mtu asiye sahihi anaambiwa hajalipa. Kisheria mwenye haki ya kupokea kodi hiyo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mpangaji ana haki ya kuomba kuona barua ya usimamizi kabla ya kutoa hata shilingi. Naye anayenunua nyumba yenye wapangaji anainunua pamoja na mikataba yao iliyo hai. Kusema "mimi sikuwajua" hakuwaondoi. Haya mawili yangeandikwa kwenye ubao wa kila ofisi ya serikali ya mtaa, watu wengi wangelala ndani.

Ukitazama Kenya utaona jinsi namna ya kulipa inavyobadilisha ugomvi wenyewe. Nairobi mpangaji wa kawaida analipa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, kisha anaendelea kutuma kwa simu mwanzoni mwa kila mwezi. Kilio cha huko si salio la miezi minne. Kilio ni amana isiyorudishwa kwa kisingizio cha rangi ya ukuta, na msimamizi wa ploti anayekuja na kufuli tarehe 6. Wakati wa korona mwaka 2020 ziliripotiwa habari za wenye nyumba waliong'oa milango na kuezua mabati watu wakiwa ndani, jambo lisilo na kibali cha sheria yoyote. Kenya ina Baraza la Kudhibiti Kodi, lakini sheria yake inagusa nyumba ambazo kodi yake ya kiwango haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi kilichopangwa zamani ambacho leo kinaacha nje nyumba nyingi za jiji. Uganda imechukua njia ya kutunga upya. Sheria yake ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inaweka ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi, na anayetaka kumtoa mpangaji anapaswa kupitia mahakamani. Utekelezaji ni jambo jingine, lakini mpangaji wa Kampala ana ukurasa wa kuonyesha.

Kwetu, Wizara ya Ardhi imezungumzia kwa miaka mingi haja ya sheria ya kusimamia sekta ya milki pamoja na madalali, na bungeni swali la kodi ya miezi sita na mwaka limeulizwa mara kadhaa. Jibu ambalo limezoeleka ni kwamba hayo ni makubaliano ya watu wawili walio huru. Sioni uhuru hapo. Mtu mwenye watoto watatu na notisi ya mwezi mmoja hana uhuru wa kukataa masharti ambayo kila nyumba mtaani inayo.

Wapo wanaoonya kwamba ukomo wa malipo ya mapema utawakatisha watu tamaa ya kujenga. Hoja hiyo ina uzito kama ukomo ukija peke yake, kwa sababu utakuwa umemnyang'anya mwenye nyumba kinga yake bila kumpa nyingine. Ukija pamoja na njia ya haraka ya kumtoa asiyelipa, mizani inakaa sawa. Mimi ningeanza na miezi mitatu kuwa kiwango cha juu cha kulipa mbele, ishuke hadi mmoja baada ya miaka michache ili wenye nyumba wapate muda wa kujipanga. Amana ya mwezi mmoja iruhusiwe, ila ikabidhiwe pamoja na orodha ya hali ya chumba yenye sahihi mbili: mabati, swichi, vitasa, rangi. Dalali alipwe na aliyemtuma, kwa risiti, na hela ya kuonyesha nyumba ikatwe kwenye malipo yake. Baraza la Kata lirudishiwe uwezo wa kuamua jambo moja tu, yaani pango na amana zisizozidi kiasi fulani, kwa fomu rahisi na kwa uamuzi ndani ya siku 30, iwe shauri limefunguliwa na mpangaji anayedai salio au na mama mwenye nyumba anayedai miezi miwili. Kuweka kufuli juu ya kufuli kuwe kosa lenye faini inayolipwa kwa aliyefungiwa.

Kisingizio cha zamani kwamba kukusanya kila mwezi ni usumbufu kimeisha nguvu. Watu wanalipia king'amuzi, maji na marejesho ya kikoba kwa simu, na ujumbe wa muamala unabaki na tarehe, jina na kiasi, ushahidi bora kuliko karatasi ya steshenari iliyolowa kwenye mvua ileile iliyovujisha bati. Shirika la Nyumba la Taifa linapokea kodi yake kwa namba ya malipo, mwezi kwa mwezi, kwa maelfu ya wapangaji. Mstaafu wa Kitunda mwenye vyumba vinne anaweza kupokea yake kwa njia hiyohiyo, na akapokea mbele ya sheria inayomhakikishia kwamba asiyelipa kwa miezi miwili atatoka kabla ya wa nne.